Githeri ya Jirani wa Chini

Mwenye nyumba wetu alipiga marufuku mitungi ya gesi kwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye geti. Kuanzia mwisho wa mwezi, ilisema, hakuna mpangaji atakayepika kwa gesi wala makaa ndani ya fleti zake, na atakayeshikwa atahama siku hiyo hiyo. Sababu haikutajwa, lakini sote tuliijua. Jengo la pili kutoka kwetu lilikuwa limeshika moto jikoni na mama mmoja akalazwa. Sisi tuko orofa ya tatu, Ruiru upande wa Mwiki, na ngazi ya kushukia ni moja. Sikulalamika. Nilikuwa nimechoka hata kulalamika.

Nikanunua jiko la induksheni, lile la kioo cheusi linalokaa juu ya meza kama sinia. Moto wake hauonekani. Chini ya kioo kuna waya uliozungushwa, na stima ikipita humo inageuka sumaku, na sumaku hiyo inaipasha joto sufuria yenyewe. Ndiyo maana sufuria za alumini, ambazo ndizo sufuria za kila nyumba ninayoijua, hazifai kitu. Unaiweka, jiko linalia tii tii tii, linazima. Jumamosi nzima nilizunguka maduka ya Thika na kisumaku cha mlango wa friji mkononi, nikikigusisha kwenye matako ya sufuria za watu. Kikinata, inafaa. Kikianguka, naenda duka lingine. Mwenye duka mmoja aliniuliza kama nimetumwa na serikali. Nilirudi nyumbani na sufuria tatu na kichwa kinauma.

Mamangu alizitazama, kisha akatazama sufuria zake sita alizokuja nazo kutoka kijijini Kalimoni, zimesuguliwa kwa jivu mpaka zinang'aa.

"Sasa hizi zangu ziko na makosa gani?"

"Haziko na makosa, Mami. Ni jiko halizitaki."

"Jiko inakataa sufuria," alisema, "halafu mimi ndio mnasema ni mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa. Aliishi peke yake Kalimoni na mahindi yake na kuku wake hadi alipoanguka shambani mara mbili katika mwezi mmoja. Moyo wake ulikuwa unasahau kupiga. Wakamwekea kimashine kidogo chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, chini tu ya mfupa wa bega, cha kuuamsha moyo ukisinzia. Yeye hukiita saa. Tangu hapo anaishi nami, na tuko wawili tu. Kwa sababu nilipewa jina la mamake, ananiita maitu, yaani mama yangu. Mtu akitusikia kutoka nje hawezi kujua nani alimzaa nani.

Wiki ya kwanza ya jiko hilo ilikuwa ya vichekesho. Mamangu hawezi kuona kitu kipya kimekaa uchi nyumbani. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa maji ya kunywa una kitambaa, vyote vya kufuma kwa mkono wake. Nilirudi jioni moja nikakuta jiko limetandikiwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni, limeketi juu yake kama bibi harusi. Nikawasha. Baada ya dakika chache likalia, likazima. Nikawasha tena, likazima tena. Nilipolala kifudifudi kwenye meza na tochi ya simu ndipo nilipoona: chini ya jiko kuna feni inayovuta hewa ya kupozea nyaya, na feni ile ilikuwa imenyonya kitambaa cha mamangu mpaka ua moja limeingia ndani. Nilicheka. Yeye hakucheka, maana lile ua lilimchukua siku mbili. Kicheko changu cha mwisho kuhusu jiko lile kilikuwa hicho.

Wiki iliyofuata tulikuwa na kliniki. Mama anayekipima kile kimashine, mwanamke mpole mwenye miwani, huweka kitu kama kipaza sauti kidogo juu ya kifua cha mamangu, na kwenye kompyuta yake kinatokea yote ambayo moyo ule umefanya tangu tulipoonana mara ya mwisho. Akatuuliza, kama mtu anayepiga gumzo, siku hizi tunapikia nini. Nikamwambia. Akavua miwani.

"Hiyo jiko na hii kifaa hazipatani sana," alisema. "Sumaku ikikaribia kifua, kifaa inachanganyikiwa. Inasikia ile kelele ya sumaku inadhani ni moyo umepiga, basi inanyamaza. Na moyo yenyewe haijapiga." Akanyoosha mkono wake mbele. "Hii urefu. Jiko ikiwaka, kifua kikae mbali mkono mzima. Anaweza kupika. Asiinamie tu."

Asiinamie tu. Hayo ndiyo aliyosema, na nayaandika hapa kwa sababu sivyo nilivyomwambia mamangu tulipofika nyumbani. Nilimwambia asiingie jikoni kabisa. Ilikuwa rahisi zaidi. Kumfundisha mtu wa miaka sabini na kitu kupika akiwa amesimama mbali kulihitaji subira, na subira yangu ilikuwa inaishia kazini.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Thika. Nasimama mbele ya meza yenye taa, suruali zinapita, nakagua mishono, na penye kasoro naweka alama ya chaki. Kutwa nzima nimesimama. Nikifika nyumbani miguu imevimba hivi kwamba soksi zinaacha mitaro. Siku ile ya kliniki nilitoa kipande cha chaki ya kazini kwenye mkoba, nikachora mstari kwenye sakafu ya mlango wa jikoni. Nikamwambia, "Mami, hapa ndio mwisho wako." Alitazama ule mstari. Halafu akaenda kukaa kwenye kiti.

Kwa hiyo kila jioni nilipika mimi. Nilivua viatu, nikakausha kioo, nikahakikisha hakuna kijiko wala kisu kilichosahaulika juu yake, kwa sababu chuma kikiachwa hapo kinaweza kupata moto na kukuunguza ukikishika. Nilisonga ugali kwa tahadhari, sufuria nimeishika isigonge kioo, maana kioo kikipasuka maji yanaingia kwenye stima. Kijitabu cha jiko kilisema hayo yote na mimi niliyafuata yote. Nyuma yangu, kutoka kwenye kiti, mamangu alikuwa akinipikia kwa mdomo.

"Kitunguu bado."

"Kimeiva, Mami."

"Hakijaiva. Nasikia harufu."

Alisema kweli, kila mara. Kitunguu chake yeye hukiacha hadi ukingo unakuwa mweusi kidogo, makusudi, na hicho ndicho kinachofanya githeri yake ya mahindi na maharagwe isifanane na ya mtu mwingine. Mimi sikuwa na nguvu ya kungoja kitunguu. Tulikula kabichi nyeupe na ugali wenye madonge.

Halafu Jumanne moja nikarudi nikakuta chakula mezani. Bakuli la plastiki la kijani lenye kifuniko, na ndani githeri ya viazi na karoti, bado ina joto.

"Ni ya nani?"

"Mama wa chini ameleta," mamangu alisema bila kugeuka. "Alisema amepika mingi."

Namjua huyo mama wa orofa ya pili kwa salamu za ngazi tu, anauza mitumba na ana watoto watatu. Nilikaa chini na viatu miguuni, nikala. Sijui niseme nini kuhusu chakula kile. Nilitaka kulia, si kwa utamu, ila kwa sababu kilikuwa tayari.

Siku iliyofuata kilikuja tena. Wiki iliyofuata, karibu kila siku. Mara githeri, mara viazi, mara mukimo wa viazi na majani ya malenge uliopondwa laini. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, hiyo hata mtoto anajua, basi nikawa napitia kwa muuza matunda wa Ruiru kila baada ya siku mbili nikinunua ndizi. Mamangu alizipokea, akasema atazipeleka mwenyewe chini, nisihangaike na ngazi. Nikaona ana huruma. Asubuhi bakuli lilikuwa limeondoka na ndizi zimeondoka.

Ladha? Ndiyo, niliisikia. Ukingo wa kitunguu ulikuwa mweusi. Nilijiambia kwamba akina mama wa rika lile wote wanapika hivyo. Mtu aliyechoka hujiambia mambo mengi akiwa na kijiko mkononi.

Mambo yaliendelea hivyo karibu mwezi mzima, hadi nilipokutana na mama wa chini kwenye ngazi. Alikuwa anashuka na furushi la nguo begani, akasimama kunipisha.

"Haki asante kwa ndizi," alisema. "Hawa watoto wangu wameshazizoea, wananiuliza nyanya wa juu analeta lini. Lakini mbona mnajisumbua hivyo? Mimi hata chai sijawahi kuwaletea."

Nilikuwa nimeshika reli ya ngazi. Nakumbuka ilikuwa na vumbi.

"Si kitu," nilimjibu. "Waache tu watoto wale ndizi."

Nikapanda. Ngazi kumi na nane ni muda wa kutosha wa kuelewa jambo. Mamangu alikuwa anapika. Kila siku nikienda kazini alikuwa anavuka chaki yangu, anawasha jiko, anasimama pale na saa yake kifuani, anapika, anaosha sufuria, anaianika, anapakua kwenye bakuli lake mwenyewe la ndani ya maboksi aliyokuja nayo kutoka Kalimoni ambayo sijawahi kuyafungua. Kisha anampelekea jirani ndizi zangu. Nilijua pia kimashine kile kinaweza kunyamaza, nilikuwa nimeambiwa waziwazi na mtu aliyevua miwani ili anieleze. Nilifungua mlango nikiwa na maneno mdomoni.

Chakula kilikuwa mezani. Ulikuwa mukimo. Alikuwa ameweka hata maji ya kunawa.

"Pole na kazi, maitu," alisema.

Nilikaa. Nilikula. Sikuuliza kitu.

Nimejaribu kujitetea mara nyingi. Nilisema nitaongea naye Jumamosi. Jumamosi nilifua. Nilisema labda anasimama mbali, labda anajua anachofanya, ni mtu mzima. Ukweli ni mfupi na mchafu: nilikuwa nimechoka, na chakula kilikuwa kinanisubiri, na nikiuliza kitaacha kunisubiri. Wiki tatu nilikaa nikijua. Hata ndizi niliendelea kununua.

Jumapili moja kanisani, tukiwa tumesimama kuimba, aliishika benchi ya mbele kwa mikono miwili, akakaa ghafla. Nikainama.

"Ni nini?"

"Kisunzi kidogo. Imekuwa ikinishika hii wiki. Ni joto."

Nikampa maji. Haikuwa siku ya joto.

Siku ya kliniki nilimpeleka. Yule mama wa miwani aliweka kipaza sauti chake kifuani, akatazama kompyuta, akasogeza kiti karibu. Alitazama kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Mama," alimwambia mamangu, "huwa unafanya nini saa kumi alasiri?"

"Nasikiliza redio."

"Redio haifanyi hivi." Akageuza kompyuta ili tuone. Kulikuwa na mistari, na kwenye mistari kulikuwa na mahali palipovurugika. "Hapa inasikia kelele. Hapa pia. Hapa imenyamaza kabisa, kidogo, halafu ikarudi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumamosi hakuna. Jumapili hakuna. Inaanza tena Jumatatu."

Zilikuwa siku zangu za kazi. Kifua cha mamangu kilikuwa kimezihesabu vizuri kuliko daftari la zamu kiwandani.

Mamangu alikuwa anatazama viatu vyake. Ningeweza kunyamaza hata hapo.

"Anapika," nilisema.

Aligeuka akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri.

Mama wa miwani hakutugombeza. Alisema kifaa hakijaharibika, atakirekebisha kidogo, lakini tumshukuru Mungu, kwa sababu kama siku moja kingenyamaza kwa muda mrefu mtu akiwa peke yake mbele ya sufuria ya moto, habari ingekuwa nyingine. Akanyoosha tena ule mkono wake. Mkono mzima, alisema. Akanitazama mimi aliposema hivyo.

Tulipofika nyumbani nilichomoa waya wa jiko ukutani. "Nionyeshe ulikuwa unasimama aje," nikamwambia.

Akavuka mlango wa jikoni. Chaki ilikuwa imefutika zamani kwa nyayo, na hilo nalo nilikuwa naliona kila jioni. Aliweka sufuria kwenye kioo. Halafu akainama, akainama zaidi, mpaka kifungo cha sweta yake kikagusa mpini wa sufuria, macho ameyakaza kwenye vile vijitaa vidogo vya mbele.

"Kwa nini unainama hivyo, Mami?"

"Sioni namba. Na vifungo si vifungo, ni kioo tupu. Nisipoinama nagusa mahali si pake, inalia."

Kati ya kifua chake na kioo kulikuwa na upana wa kiganja changu. Nilipima, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mkono wangu. Kila sahani niliyokula ilikuwa imetoka kwenye kile kiganja.

"Ungeniambia huoni."

"Nikuambie? Uliniwekea chaki kama kuku wa kuzuiliwa. Ningekuambia sioni, si ungeniwekea nyingine huko sebuleni?" Alikuwa amejiinua sasa, mgongo umenyooka. "Unarudi hapa umekufa. Unapika macho yamefungwa. Na mimi niko hapa kutoka asubuhi natazama ukuta, mikono mizima. Nifanye nini nayo?"

Nilivuta kile kigoda anachowekea miguu, nikakaa.

"Mama wa chini alinishukuru kwa ndizi," nilisema.

"Lini?"

"Zamani. Wiki tatu sasa."

Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, ingenipunguzia kitu. Yeye aliosha mikono kwenye sinki, pole pole, akajifuta kwa kitambaa.

"Najua," alisema. "Aliniambia kesho yake baada ya kukutana na wewe. Nikakungojea useme. Kila jioni ulikula ukamaliza, ukasema asante, ukaenda kulala." Akatundika kitambaa. "Mimi nilidhani umeniruhusu, maitu."

Nililia pale kwenye kigoda, na hakunibembeleza, na sikustahili.

Jumamosi niliamka nikiwa bado nimechoka, sijui siku ambayo sikuwa hivyo. Nilichukua rangi nyekundu ya kucha nikaweka matone manene kwenye kioo kando ya kila kifungo, tone moja la kuwasha, mawili ya kuongeza, matatu ya kuzima, ili kidole chake kiyapapase bila macho. Nilisubiri yakauke. Nikatafuta mwiko mrefu kuliko wote tulionao. Kisha nikajaza sufuria maji matupu, nikachomeka waya, nikamwita.

"Nyoosha mkono. Mzima. Sasa gusa."

Aligusa mahali si pake. Likalia. Akataka kuinama, na nikamshika sweta kwa nyuma, palepale katikati ya mgongo. Akanyoosha mkono tena, akapapasa, akapata tone. Likawaka. Mgongo wake ulikuwa na joto kwenye kiganja changu na nilisikia anavyovuta pumzi. Mara mbili alisahau akaelekea mbele, na mara mbili nikamvuta. Miguu ilikuwa inaniuma kama mwisho wa zamu, na nikasimama hivyo nimemshika mpaka maji yakachemka.